Luanda Magere: Shujaa wa Kano ambaye mikuki haikumweza

KATIKA tambarare za Kano, mashariki mwa Kisumu, lipo jiwe ambalo wenyeji husema lilikuwa mtu. Inasimuliwa kwamba wawindaji waliokuwa wakielekea porini walilipitia kwanza, wakanoa mikuki yao juu yake, kwa imani kuwa mkuki ulionolewa hapo haurudi bila windo. Mtu anayesemekana kugeuka jiwe hilo ni Luanda Magere, shujaa wa jamii ya Waluo ambaye, alipokuwa hai, hakuna mkuki ulioweza kumtoboa.

Ni Wakenya wachache wasiolijua jina lake. Kisa chake husimuliwa kwa watoto, na mnamo 1991 mwandishi Okoiti Omtatah alikichapisha kama mchezo wa kuigiza. Wengi wanachokumbuka ni mambo mawili: mwili mgumu kama mwamba, na mke aliyefichua siri. Jambo la tatu halizungumzwi sana, nalo ni silaha yenyewe. Vita alivyopigana Magere vilikuwa vita vya mikuki, na wapinzani wake walikuwa mabingwa wa silaha hiyo. Walimtupia mikuki mizuri kwa mikono yenye nguvu, na kwa miaka mingi wakaambulia patupu. Mkuki uliomwangusha hatimaye haukuwa mrefu kuliko mingine wala haukutupwa kwa nguvu zaidi. Ulilengwa mahali pengine.

Hakuna daftari lililoandika mwaka aliozaliwa Magere. Aliishi kabla ya wakoloni kufika, na maisha yake yamehifadhiwa vinywani mwa wazee, kizazi hadi kizazi. Masimulizi hayo yanakubaliana kwamba alitoka ukoo wa Sidho katika jamii ya Wakano, mojawapo ya makundi makubwa ya Waluo waliofika ufukweni mwa Ziwa Viktoria baada ya safari ndefu ya vizazi kadhaa kutoka kaskazini, katika nchi za mto Naili. Jina Luanda katika Kijaluo lina maana ya mwamba. Huenda alipewa jina hilo kwa sababu ya mwili wake, na huenda pia lilimkaa baada ya kifo chake.

Ili kumwelewa Magere, sharti kwanza kuielewa nchi aliyoilinda. Kano ni uwanda mpana unaopitiwa na mto Nyando kabla haujamwaga maji yake ziwani. Karibu na ziwa kuna vinamasi vya mafunjo. Katikati kuna malisho mazuri ya ng'ombe. Upande wa kaskazini na mashariki uwanda unakoma ghafla, na milima ya Nandi inasimama kama ukuta. Juu ya ukuta huo waliishi Wanandi, ambao Waluo waliwaita Lang'o. Jamii zote mbili zilithamini mifugo. Ng'ombe ndiye aliyekuwa mahari, akiba na heshima ya mtu. Uvamizi wa usiku, ufuasi wa nyayo alfajiri na mapigano ya kurejesha mifugo yalikuwa sehemu ya maisha ya mpakani.

Katika maisha kama hayo, kijana hakujichukulia mkuki wowote ule. Bapa la chuma ndilo lililovutia macho, lakini waliokuwa wazoefu walitazama kwanza mpini. Mpini wenye fundo au uliopinda hutikisika ukiwa hewani, na ncha huyumba pamoja nao. Mti uliokatwa mbichi na kukaushwa kwa haraka hupasuka. Ule uliokaushwa polepole, ukanyooshwa na kupakwa mafuta, hudumu na kutii mkono. Mwenye mkuki huuweka juu ya kiganja mpaka apate mahali unapotulia bila kuinama upande wowote, na hapo ndipo huushika anapotaka kuutupa. Uzito ukiwa mbele kidogo, mkuki hutangulia kwa ncha na kuchoma unapotua. Uzito ukirudi nyuma mno, huenda ukaelea na kwenda mbali, lakini hutua kwa ubavu, na adui huuokota na kuurudisha.

Kwa hiyo palikuwa na uchaguzi wa kufanya. Mpini mrefu na mwepesi humwezesha mtu kutupa kutoka mbali uwandani, mahali ambapo hakuna kichaka cha kujificha. Mpini mfupi wenye bapa zito hufaa msituni na katika mapambano ya ana kwa ana, ngao ikigusana na ngao. Wanandi walikuwa na mikuki ya aina zote mbili. Sehemu moja ya nchi yao ilipendelea bapa refu, mpini mfupi wa mti na kitako kirefu cha chuma. Kitako hicho kilisawazisha uzito wa bapa na kuuwezesha mkuki kusimama ukichomekwa ardhini. Sehemu nyingine ilipendelea bapa dogo na mpini mrefu. Anayetaka umbali hupoteza uzito wa pigo, na anayetaka uzito hupoteza umbali.

Swali hilo halijazeeka. Hata leo, mchezaji wa gofu mjini Kisumu anayenunua fimbo mpya hukabiliwa nalo. Mpini unaonyumbuka humsaidia mpigaji asiye na kasi kubwa kuurusha mpira mbali, lakini mikononi mwa mwenye kasi mpini huo huo huweza kuupeleka mpira kando. Mpini mgumu humtii mwenye nguvu na kumchosha asiye nazo. Umbali na usahihi havipatikani kwa kununua kifaa cha bei kubwa, bali kwa kukilinganisha kifaa na mkono unaokitumia.

Wavuvi wa vinamasi vya Nyando walikuwa na somo la ziada. Waliokuwa wakichoma kamongo na mumi kwa mkuki walijua kwamba samaki aliye chini ya maji haonekani mahali alipo. Maji huupinda mwanga, na samaki huonekana yuko juu zaidi kuliko alivyo kweli. Anayelenga anachokiona hukosa. Sharti alenge chini yake, mahali ambapo jicho linasema hapana kitu. Somo hilo linafaa kukumbukwa, kwani kifo cha Magere kilifanana nalo.

Masimulizi yanasema kwamba Magere alipokuwa kijana alianza kwenda vitani pamoja na rika lake, na punde ikajulikana kuwa hakuwa mtu wa kawaida. Mkuki ulipomgonga kifuani uliruka kama uliogonga jabali. Mishale ilianguka miguuni pake. Rungu lilivunjika juu ya kichwa chake. Yeye hakuhitaji kujikinga, kwa hiyo mikono yake yote miwili ilikuwa huru kushambulia. Aliingia katikati ya safu za adui na kuzivuruga, na wenzake wakamfuata kupitia pengo aliloliacha. Mifugo iliyokuwa imechukuliwa ikarudi, na mingine ikaongezwa juu yake.

Sifa zake zilienea kote Kano na kuvuka mto. Hata hivyo, sifa hizo zilikuwa na gharama. Jamii iliyokuwa ikitegemea wapiganaji wengi ilianza kumtegemea mmoja. Katika baadhi ya masimulizi, Magere mwenyewe anaonekana akizidi kujiamini, akiyasikiliza maneno ya wazee kwa sikio moja. Mtu ambaye hajawahi kujeruhiwa ana sababu ya kudhani kuwa hatari ni jambo la wengine.

Upande wa pili wa mpaka, hasara ilikuwa kubwa. Vijana wa Nandi walikuwa wakishuka mlimani na kutorudi. Kila kushindwa kulileta jitihada za kutafuta wapiganaji wengi zaidi, mikuki mizito zaidi na mbinu mpya za kuvizia, na kila jitihada iliishia pale pale. Hatimaye wazee wao waliketi na kukubali kwamba hawakuwa na upungufu wa silaha. Walichokosa ni kumjua mtu waliyepigana naye. Ilikuwa lazima apatikane mtu wa kuishi karibu naye, amwone akila, akilala na akiugua.

Ndipo wakamchagua binti mmoja, ambaye masimulizi yote yanamsifu kwa uzuri wake, wakamtuma kwa Magere kama ishara ya amani. Ndoa kati ya jamii zilizokuwa zikipigana haikuwa jambo geni. Ilikuwa njia mojawapo ya kuzima uhasama. Lakini wazee wa Kano walishuku zawadi hiyo. Walimwonya Magere kwamba adui aliyeshindwa kwa mkuki huenda anatafuta mlango mwingine. Magere hakuwasikiliza. Alimpokea binti huyo, akamwoa, akamweka bomani pamoja na mke wake wa kwanza.

Miezi ikapita na siri haikuonekana. Mke huyo alijifunza lugha na kazi za boma. Alimwona mumewe akitoka vitani bila jeraha, na hakuna aliyeweza kumweleza sababu. Hadi siku moja Magere alipougua.

Katika tiba za jadi za jamii nyingi za Afrika Mashariki, mgonjwa huchanjwa chale ndogo kwa wembe, kisha dawa ikapakwa kwenye mikato hiyo ili iingie katika damu. Magere alihitaji kuchanjwa. Mke wake wa kwanza, aliyejua namna ya kumtibu, hakuwapo nyumbani siku hiyo. Homa ilikuwa kali na hakutaka kungoja. Akamwita mke wake Mnandi, akamwagiza achukue wembe na dawa. Mke alipojaribu kumchanja mwilini, wembe haukuingia. Ndipo Magere, kwa maumivu na kwa kumwamini, akamwambia akichanje kivuli chake.

Mwanamke akafanya alivyoagizwa. Kivuli kikatoka damu. Akapaka dawa juu ya kivuli, na mgonjwa akapata nafuu. Katika dakika chache alikuwa amejua jambo ambalo mikuki ya vizazi viwili haikulifichua: uhai wa Magere haukuwa mahali ambapo kila mtu alikuwa akilenga. Usiku huo, au usiku uliofuata kwa mujibu wa masimulizi mengine, alitoroka, akapanda mlima na kuwaeleza watu wake.

Wapiganaji wa Nandi waliporudi uwandani, walipigana kama kawaida, na kama kawaida Magere akawavuruga. Masimulizi yanatofautiana kuhusu dakika za mwisho. Wapo wanaosema mpiganaji mmoja alitengwa maalumu kwa kazi hiyo. Wengine husema aliyeifanya alikuwa tayari anakimbia, akageuka, akakiona kivuli kikimfuata, akautupa mkuki wake ardhini. Katika masimulizi yote, mkuki ulichoma udongo na shujaa akaanguka.

Anayeijua Kano ataona kwamba lengo hilo halikuwa rahisi. Kisumu iko karibu sana na mstari wa ikweta. Saa sita mchana, hasa katika miezi ya Machi na Septemba, jua hukaa utosini na kivuli cha mtu hujikusanya chini ya nyayo zake. Anayetaka kukichoma saa hiyo lazima amsogelee Magere mwenyewe, na hakuna aliyemsogelea akapona. Asubuhi na jioni kivuli hurefuka na kulala chini hatua kadhaa kutoka kwa mwenye mwili. Hapo mtupaji anaweza kusimama mbali, lakini kivuli nacho hakitulii. Hukimbia, hupinda na kukatika kila mwenye nacho anapogeuka. Palihitajika mkuki unaonyooka na mkono uliotulia. Nguvu nyingi hazikuhitajika, kwa kuwa udongo haukingi ngao.

Kisa cha mtu asiyeumizika ila mahali pamoja si cha Kano peke yake. Wasomaji wa Kiswahili wanamkumbuka Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini, ambaye hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyefichua siri hiyo ni kijana wake mwenyewe. Wagiriki wana Achilles na kisigino chake. Katika visa hivyo, jamii zilizo mbali kabisa zilifikia wazo moja: nguvu ya mtu ina mahali inapofungiwa, na wanaopajua ni wale wanaolala chini ya paa lake.

Lakini ipo tofauti inayostahili kuangaliwa. Liyongo alisalitiwa na mwana aliyeahidiwa zawadi. Mke wa Magere hakuahidiwa chochote katika masimulizi tuliyorithi. Alitolewa na wazee wake bila kuulizwa, akapokewa na mwanamume aliyemhesabu kuwa tuzo ya ushindi, kisha akabaki kati ya watu waliowaua ndugu zake. Jina lake halikuhifadhiwa. Wasimulizi wa Kano humwita msaliti, na ni haki yao, kwani walimpoteza mlinzi wao. Wale wa upande wa milima wanaweza kumwona kuwa mtu aliyeokoa maisha ya vijana wengi. Kulitumia kosa lake kama onyo dhidi ya kila mwanamke wa jamii jirani ni kumbebesha mzigo ambao wazee wa pande zote mbili walishiriki kuufunga.

Jambo hili si la hadithi tu. Mpaka wa Kano na Nandi umeshuhudia damu katika nyakati tunazozikumbuka. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Miteitei, eneo la Tinderet, yaliwafurusha watu wengi makwao. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaua zaidi ya watu 1,100 kote nchini, na mji wa Kisumu ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya. Nyakati kama hizo, hadithi za kale huamshwa na kupewa kazi mpya. Kuna anayemtaja Magere ili kuwakumbusha vijana kwamba jirani haaminiki. Kuna pia anayemtaja ili kuwakumbusha kwamba vita vyote vile vya mifugo havikumwachia mshindi chochote ila jiwe.

Zama za mkuki zenyewe hazikudumu baada yake. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, ikipita Kano hadi kituo kilichoitwa Port Florence, ambacho leo ni Kisumu. Wanandi waliipinga kwa miaka mingi. Waya za simu walizifanya mapambo na chuma cha reli wakakigeuza silaha. Upinzani huo ulivunjwa baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kupigwa risasi Oktoba 19, 1905 alipokwenda kukutana na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Bunduki haikujali urefu wa mpini wala ustadi wa aliyeuchonga.

Hata hivyo, mkuki umerudi kwa njia nyingine. Mnamo 1984, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliutupa mkuki wa michezo umbali wa mita 104.80, na wasimamizi wa riadha wakahofu kwamba viwanja vitakuwa vidogo. Zaidi ya hayo, mikuki ya wakati huo ilielea sana na mara nyingi ilitua kwa ubavu, ikizua mabishano. Kuanzia 1986 mkuki wa wanaume, wenye uzito wa gramu 800, uliundwa upya: kitovu cha uzito wake kilisogezwa mbele kwa sentimita nne ili uiname mapema na kutua kwa ncha. Umbali ulipungua, uhakika ukaongezeka. Ni uamuzi ambao fundi wa mikuki wa Kano au wa Nandi angeuelewa bila kuelezwa mara mbili.

Miaka 29 baadaye, Agosti 2015 jijini Beijing, Julius Yego aliutupa mkuki huo mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Yego ni mzaliwa wa Nandi. Siku hiyo mkuki kutoka milimani ulishangiliwa pia Kisumu, kwa kuwa ulitupwa kwa niaba ya Kenya nzima na haukumlenga mtu.

Magere hakuacha kaburi wala maandishi. Aliacha jiwe ambalo, kwa mujibu wa imani, makali ya mikuki yaliyokuwa yakigota juu ya mwili wake yalikuja kutafuta ukali wake hapo hapo. Watu wa Kano wanaendelea kumkumbuka kama mlinzi wao. Wale wanaolisimulia jina lake kwa watoto wana uhuru wa kuchagua wanachokitilia mkazo, na uchaguzi huo una uzito kwa sababu watoto wa pande zote mbili za mpaka bado wanasoma, wanauza na kuoana pamoja. Waliomshinda Magere walifaulu walipoacha kutafuta mkuki mrefu zaidi na kuanza kumjua mtu mwenyewe. Walitumia maarifa hayo kumuua. Ujuzi wa namna hiyo kuhusu jirani unaweza pia kutumiwa kuishi naye.